Fundi, Hiyo Spea ni ya Nani? Tunduma na Mambo ya Jenyuini, Mtumba na Kimeo

Ukisimama Mpemba asubuhi, unaiona barabara nzima ya kusini ikipita mbele yako. Masemi ya mafuta yanaisaka Lubumbashi, mengine yanarudi na shaba kuelekea bandari ya Dar. Kosta za Mbeya zinapiga honi, bodaboda wanapenya katikati, na ndinga za IT zilizoshuka melini juzi zinasubiri kuvukishwa Nakonde baada ya kula lami zaidi ya kilomita 900. Tangu Oktoba 2019, pale Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, mishe zimezidi kuchangamka, ingawa foleni ya malori ikiamua kuzingua, inazingua kweli.

Kila mchuma unaopita hapa una siku yake ya kugoma. Ndiyo maana Tunduma haiishiwi gereji wala maduka ya spea. Mzigo unapanda kutoka Kariakoo, mwingine unatoka Mwanjelwa, Mbeya, na wateja ni wa kwetu, wa Zambia na wa Kongo. Hela inazunguka kinoma. Ila kuna kitu kinaniuma kuhusu wana wa kitaa chetu. Msela anajichanga miaka, anavuta IST yake ya kwanza, anajua saizi ya rimu, anajua redio ina bluutuu toleo gani, lakini siku brekipedi zikiisha anamwambia fundi, "Weka yoyote, bora gari itembee." Hiyo "yoyote" ndiyo inayotafuna mkwanja wa vijana wengi Songwe, na kuna siku haiishii kwenye mkwanja.

Dukani kila kitu ni orijino. Muulize winga, atakwambia orijino. Muulize fundi, orijino. Boksi lenyewe limeandikwa hivyo. Kwa hiyo achana na swali la "orijino au feki," maana jibu lake unalijua kabla hujauliza. Uliza mambo matatu: hii spea kaitengeneza nani, ishawahi kutumika au bado, na ikifa nikiwa kwenye mwendo itanifanya nini. Ukishika hayo matatu, hata ukiwa na hela ya mawazo utajua wapi pa kubana na wapi pa kumwaga.

Tuanze na nani kaitengeneza, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa.

Toyota haitengenezi kila kitu kilichomo ndani ya Toyota. Kampuni ya magari inachora gari, inaunga gari, na inatengeneza baadhi ya vitu, lakini sehemu kubwa ya vifaa inaagiza kwa kampuni nyingine. Koili za plagi na vitu vingi vya umeme vinatoka Denso, kampuni iliyozaliwa ndani ya Toyota na kujitegemea mwaka 1949. Giaboksi na watapampu nyingi ni za Aisin. Shokapu nyingi ni za Kayaba, wale wanaoandika KYB. Plagi ni za Denso au NGK, kampuni iliyoanza Nagoya mwaka 1936. Beringi utakuta Koyo, NSK au NTN.

Sasa kifaa hicho cha Denso kikiwekwa kwenye boksi la Toyota kinaitwa jenyuini. Kikiwekwa kwenye boksi la Denso mwenyewe, watu wa spea wanakiita OEM, yaani kimetoka kwa mtengenezaji yuleyule anayelisha kiwanda cha gari. Ni kama mama ntilie anayepikia hoteli wali, halafu jioni anauza wali uleule kibandani kwake: sufuria moja, sahani tofauti. Boksi la Toyota litakuwa na bei juu kwa sababu Toyota imeweka jina lake na udhamini wake. Boksi la Denso litakuwa chini kidogo. Kwa mwana anayelipa mwenyewe, mara nyingi OEM ndiyo chimbo zuri kuliko yote, na inasikitisha kwamba wengi hawalijui. Wanadhani machaguo ni mawili tu, jenyuini ya bei ya kuua mtu au kopi ya bei ya bure.

Baada ya hapo kuna kundi kubwa zaidi, spea za kampuni huru. Hizi hazikupeleka mzigo wowote kiwandani Toyota. Wametazama kifaa, wamepima, wamekitengeneza wenyewe na kukiuza duniani kwa jina lao. Kitaa wanaziita kopi, au za Mchina, au za Dubai, na hapo tunawakosea wengine heshima. Ndani ya kundi hili wapo wakali kweli. Boljointi na tairodi za 555 za Japani zimejijengea jina Afrika Mashariki nzima, na fundi mwenye akili zake akikupa 555 hajakuonea. Humohumo pia kuna vyuma ambavyo hata mtengenezaji hakutaka kuandika jina lake. Boksi jeupe, hakuna nchi, hakuna namba, hakuna anwani. Spea isiyo na mwenyewe, mwanangu, iache palepale kwenye kaunta. Mtu anayeamini kazi yake anaweka jina.

Feki ni kitu kingine kabisa, na hapa naomba tusichanganye. Kopi yenye jina lake, hata ikiwa dhaifu, haijamdanganya mtu. Feki inavaa jina la mwingine. Boksi linasema NGK, ndani kuna kitu ambacho NGK hawajawahi kukiona. Hilo ni kosa la jinai hapa nchini, sheria yake ipo tangu 1963, Sheria ya Alama za Bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayokamata na kuteketeza mizigo hiyo. TBS nao wana kazi yao ya viwango. Lakini afisa hawezi kusimama kwenye kila kibanda kuanzia Makambini hadi Sogea. Kwa hiyo jicho la kwanza ni lako.

Jicho linaangalia nini? Chukua plagi. Plagi halisi ina chapa iliyokaa sawa, nyuzi zake ni laini, na ile washa yake ya chini haichomoki kirahisi kwa kuizungusha na vidole. Ya feki mara nyingi maandishi yamepinda, nyuzi zimekwaruza, washa inatoka kama imeazimwa. Chukua filta ya oili. Kwa nje zote ni kopo lililopakwa rangi, na hapo ndipo ujanja unapofanyika. Chungulia ndani. Filta nzuri ina raba ya kuzuia oili isirudi chini gari likizimwa, ina valvu ya kupitisha oili karatasi ikiziba, na karatasi yenyewe imekunjwa mikunjo mingi, imebanana. Mbovu ina mikunjo michache, raba hakuna, halafu kila asubuhi ukiwasha gari unasikia injini inagonga sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu. Ule mlio ni chuma kinasugua chuma, na bei ya injini unaijua.

Boksi lisikuchanganye. Boksi tupu la jenyuini lina soko lake, maana mtu analiokota gereji, analijaza feki na kuliuza upya. Ukimaliza kufunga spea yako nzuri, chana boksi. Lichane kabisa, usimpe mtoto wala fundi.

Kitu kingine kinachookoa hela kuliko maneno ya winga ni namba. Toyota wanaandika namba za spea kwa mafungu mawili ya herufi na tarakimu tano tano, na fungu la kwanza linakwambia ni kitu gani. Ukiona inaanzia 04465, hizo ni brekipedi za mbele. 90915 ni filta ya oili. 90919 inabeba plagi na koili. 48510 ni shokapu ya mbele. 43330 ni boljointi ya chini, 45046 ni ncha ya tairodi. Fungu la pili ndilo linalosema ni la gari gani hasa. Namba hiyo unaipata kwa kutumia chesisi namba ya gari lako, siyo kwa kuangalia sura ya gari.

Sura inadanganya sana. IST zile za kwanza, zilizotoka kuanzia 2002, zote unaziona zinafanana. Lakini NCP60 ina injini ya 2NZ, sisi tunaita cc elfu na mia tatu, na NCP61 ina 1NZ ya elfu na mia tano. NCP65 inavuta miguu minne. Ukienda dukani na kusema "spea ya IST" tu, umempa muuzaji ruhusa ya kukupa kilicho karibu na mkono wake. Sema, "Dada, habari za kazi. Naomba brekipedi za mbele, IST, NCP61, chesisi hii hapa." Dada mwenye duka la maana atakuuliza, "Kaka, unataka jenyuini, OEM au ya kawaida?" Hapo umefika. Akikujibu, "Zote ni moja tu hizo," mshukuru, toka, nenda duka la pili.

Na kwa vile nimeitaja 1NZ, mjue kwamba injini hiyo inatumia cheni ya taimingi, haina beliti ya taimingi. 2NZ nayo ni cheni. Anayekwambia IST yako beliti ya taimingi imekwisha, anataka hela yako ya kodi. Beliti ya nje ipo, ile ya kuzungusha alteneta, na inabadilishwa. Kwenye Noah za zamani zenye 3S, kwenye Hiace za 5L na Kosta za 1HZ, hapo beliti ya taimingi ipo kweli na haitaki masihara. Dizeli za 1HZ nyingi zina hata taa ya kukumbusha kwenye deshibodi ikifika kilomita laki moja. Ila kwa mchuma uliokuja wa mtumba, namba ya kilomita ilishachezewa na watu usiowajua, kwa hiyo ukinunua gari lenye beliti ya taimingi na hujui historia yake, badilisha mwanzo mwanzo. Usisubiri taa.

Sasa twende kwenye mtumba, maana Songwe tunaupenda mtumba na mimi siupingi. Gari zinakatwa Japani, zinaletwa vipande, injini nzima na giaboksi yake na waya zake, milango, taa, bampa. Mtumba wa Japani ni kifaa jenyuini kilichotumika. Hilo tu. Swali la kujiuliza ni hiki kifaa kinazeekaje.

Mlango hauzeeki. Bampa, taa ya mbele, kioo cha pembeni, siti, kapeti, bawaba, hivyo chukua mtumba bila hofu, tena mara nyingi mlango wa mtumba unakaa vizuri kuliko mpya wa kopi ambao haufungi mpaka uusukume na nyonga. Injini na giaboksi za mtumba nazo poa, mradi uwashiwe, usikilize, uangalie oili, upewe maandishi ya siku za kujaribu. Alteneta na stata za mtumba zinafaa. Kontrol boksi inafaa kama namba zake zinafanana na yako.

Raba inazeeka hata ikilala. Bushi za mtumba, injini maunti za mtumba, hozi za mtumba, hizo zimeshakula miaka yake Osaka, zikakaa kontena, zikakaa juani Dar, halafu wewe unazifunga leo ukitarajia mwaka. Shokapu ya mtumba ni mbaya zaidi, kwa sababu ubora wake upo kwenye oili na gesi iliyofungiwa ndani, na huwezi kuiona. Inaweza kung'aa kwa nje na ndani ikawa imekufa. Ukiipeleka barabara ya Kamsamba msimu wa mvua, utaijua tabia yake siku hiyohiyo. Na brekipedi, plagi, filta, beliti, watapampu na boljointi za mtumba, wana, hapana. Hizo zinatengenezwa zikijua zitaisha. Kununua zilizokwishatumika ni kununua kilichobaki cha mtu mwingine, na hajakwambia kimebaki kiasi gani.

Matairi ya mtumba ni stori ndefu, nitasema moja tu. Pembeni ya tairi kuna neno DOT na mwishoni tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma kabla hujasifia kashata zake. Tairi lenye kashata nzito na umri mkubwa linapasuka likiwa bado zuri kwa macho.

Halafu kuna spea zinazofufuliwa hapahapa kwetu. Dramu na diski za breki zinachongwa kwenye leth, breki shuu za malori zinapigwa lainingi mpya kwa ripiti, silinda zinachongwa upya na kuwekewa pistoni za saizi kubwa kidogo. Hii kazi naiheshimu sana. Ina vijana wenye mikono ya dhahabu na ndiyo inayofanya malori ya wazee yaendelee kulisha familia Mlowo na Vwawa. Ila ina mipaka yake. Diski ina unene wa mwisho ambao kiwanda kimeuandika, mara nyingi kwenye diski yenyewe. Ikichongwa chini ya hapo inakuwa nyembamba, inashika moto haraka, inaweza kupasuka. Mwambie fundi apime na mashine ya kupimia, asipime kwa kidole. Na zile bushi zinazochongwa kutoka tairi kuukuu zitakufikisha gereji ukikwama Ileje usiku. Zikupeleke gereji, zisikae kwenye gari miezi.

Sasa swali la tatu, ikifa ukiwa kwenye mwendo. Hapa naomba tutulie kidogo, maana barabara yetu siyo ya tambarare.

Mlima Senjele pale Mbozi na mteremko wa Mbalizi upande wa Mbeya ni majina ambayo kila mtu wa barabara hii ameyasikia kwenye habari mbaya. Madereva wa masafa wanaongeza na Kitonga, Iringa. Semi la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56 likiwa na mzigo. Hizo tani zikishuka mlima, ule mwendo wote unaotaka kuuzuia hauendi popote, unageuka joto. Lainingi inasugua dramu, dramu inapata moto na kutanuka, inajitenga na lainingi, na fimbo ya breki inalazimika kwenda mbali zaidi kuifuata. Inafika mahali haifiki tena. Dereva anakanyaga, upepo upo kwenye tangi, breki hamna. Ndiyo maana dereva mzoefu anashuka na gia ndogo na breki ya injini, anaiacha breki ya mguu ipumue. Lakini lainingi yenyewe ikiwa ya hovyo, inazidiwa na joto mapema, na ustadi wote wa dereva unabaki na nafasi finyu.

Kwenye gari ndogo mambo ni yaleyale kwa udogo wake. Angalia ubavu wa brekipedi, pembeni ya ile sehemu nyeusi au nyuma ya bati. Kampuni nyingi za maana zinaandika namba ndefu na mwishoni herufi mbili, kama FF au GF. Herufi ya kwanza ni mshiko breki ikiwa haijachemka, ya pili ni mshiko ikiwa ya moto. E ni mshiko mdogo, kati ya 0.25 na 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G ni juu ya hapo hadi 0.55. Herufi hizo hazikwambii pedi itadumu miezi mingapi, lakini zinakwambia kwamba kuna mtu aliipima. Pedi yenye herufi ya pili ndogo kuliko ya kwanza inapoteza mshiko ikichemka, na mteremko wa Senjele kazi yake ni kuchemsha. Pedi isiyo na maandishi yoyote, hata jina, hakuna anayejua itafanya nini ikifika katikati ya mlima.

Na oili ya breki ni spea pia, hata kama inauzwa kwenye kopo. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi, DOT 4 kwenye 230. Lakini hiyo oili inanyonya maji kutoka hewani, na ikishanyonya, DOT 3 inaweza kushuka hadi 140 na DOT 4 hadi 155. Ikichemka inatengeneza mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni. Kopo lililokaa wazi gereji tangu mwaka jana limeshanyonya. Dai kopo lililofungwa, lifunguliwe mbele yako.

Kwa hiyo breki, boljointi, tairodi, matairi na mikanda ya siti ni mahali pa kutoa hela nzuri: jenyuini, OEM, au kampuni huru yenye jina lililoaminika. Boljointi ikichomoka gurudumu linalala, na dereva anabaki ameshika usukani usiounganishwa na kitu. Hapa usitafute punguzo. Kitasa cha mlango, taa ya ndani, waipa, kifuniko cha rimu, hapo nunua ya bei poa na ulale usingizi. Katikati yake kuna spea ambazo zikifa hazikuui ila zinakulaza njiani: watapampu, alteneta, koili, fani beliti. Hizo pima na kazi ya gari. Gari la kwenda sokoni Jumamosi linaweza kuvumilia ya kati. Noah inayopiga trip za Vwawa na Tunduma kutwa nzima, kulala njiani siku moja ni hesabu ya bosi imeliwa, abiria wamehamia kwa mwingine, na wewe jioni unaeleza.

Wana wa Noah, bajaji na boda, hii naielekeza kwenu hasa. Bei ya rafu inadanganya. Chukulia mfano tu: brekipedi za elfu ishirini zinazoisha kila miezi mitatu, na za elfu sabini zinazokaa mwaka na nusu. Ndani ya mwaka na nusu zile za ishirini umezinunua mara sita, laki moja na ishirini. Weka ufundi wa msimbazi mmoja kila mara, elfu sitini. Jumla laki na themanini. Zile za sabini umefunga mara moja, elfu themanini imeisha. Tofauti ni kilo nzima mfukoni mwako, na sijahesabu siku ulizosimama gereji wala diski iliyokwaruzwa na pedi ngumu mpaka ikadai kuchongwa. Nyie wa Boxer na TVS fanyeni hesabu hiyohiyo kwenye cheni na sproketi. Na msifunge cheni mpya juu ya sproketi iliyochakaa kwa sababu tu ya kubana elfu chache, maana meno yaliyolika yanaimaliza cheni mpya chap.

Ukinunua, chukua risiti ya EFD na hakikisha imeandikwa kitu chenyewe, namba au jina la kampuni, siyo "spea" tu. Risiti inayosema "spea" haitakusaidia siku kifaa kikigoma na muuzaji akakukana. Ukivuka Nakonde kununua, kumbuka kwamba kurudisha kimeo upande wa pili wa mpaka ni safari nyingine na maelezo mengine forodhani. Bei ikifanana, nunua upande unakolala.

Nimebakiza jambo ambalo naliona ndiyo mzizi wa yote, na linawahusu mafundi wetu. Fundi wa mtaani analala chini ya gari lako kwa saa nne, kwenye matope ya Januari, halafu wewe unamwambia ufundi wake ni elfu tano. Unabishana naye mpaka anachoka. Anakubali, kwa sababu ana watoto. Lakini lazima afidie mahali, na mahali pake ni spea. Unampa hela akanunue, anachukua ya bei ya chini, anakutajia ya juu, cha juu kinabaki kwake. Umemlazimisha kula kwenye breki zako.

Fanya tofauti. Kaa naye kabla kazi haijaanza, mkubaliane ufundi unaoeleweka, unaomtosha mtu mwenye ujuzi. Hela ya spea ishike wewe. Muombe akuandikie namba na aina anayoitaka, akwambie kama hapo OEM inatosha au mtumba unafaa, maana yeye ndiye anayejua. Nenda naye dukani kama ana nafasi, na muda huo umlipe. Spea kuukuu irudi mkononi mwako, muilinganishe na mpya pamoja, tundu kwa tundu, nyuzi kwa nyuzi, kabla hajaifunga. Fundi anayelipwa vizuri atakuwa wa kwanza kukurudisha dukani, "Mdogo wangu, hii hapana, wamekupa kimeo, kabadilishe." Mafundi wa hivyo wapo Tunduma, wapo Mlowo, wapo Vwawa. Wengi wao wanasubiri tu mteja wa kwanza atakayewalipa kwa wanachokijua.